Ubao wa Kumi na Saba

Merikebu yetu ilivuka Ugogo kwa miguu.
Vipande mia mbili na sita,
kila kipande na namba yake ya chokaa, kila namba na kichwa chake:
mkuku juu ya watu kumi na wawili,
mlingoti juu ya wanane, na wa tisa wa kulaani.
Tanga tulilivingirisha kama maiti.
Wewe serahangi, mimi rubani,
maafisa wa chombo kisicho na maji,
mmoja omo, mmoja tezi, mchana kutwa,
na kati yetu mbao, vumbi, wapagazi wakikohoa.

Chunyo, kwenye maji yaumayo tumbo,
ubao wa kumi na saba ulisimamishwa kukinga upepo.
Nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.
Tulienea.

Sisemi zaidi. Nimeshazoea kutosema.
Mikono yako ilinuka sifa,
yale mafuta ya papa wapakayo vyombo,
nami, Songoro, tangu siku ile
sijatamani sifa nyingine.

"Rubani wa nini nchi kavu?" walinikebehi.
Lakini Marenga Mkali huvukwa usiku,
na usiku nyota zilinijua.
Nilitangulia, Kilimia begani,
nyuma sauti yako ikihesabu vipande gizani,
na ukifika kumi na saba
ulikohoa kidogo.

Mpishi Almasi alikuwa amekuja kutafuta kuni.
Akaona. Akachukua kuni.
Hakusema neno mpaka alipopunjwa posho.

Jemadari Mbaruku hakupiga kelele.
Kilimatinde, mtemi alipodai hongo,
kaniki zimekwisha, merikani imekwisha,
alifungua daftari, akalamba kidole.
"Ubao mmoja," akasema, "na rubani mmoja.
Bara haina miamba. Ziwani tutawauliza wenyeji."

Orodha ilikuwa mkononi mwako.
Kufuta ilikuwa kazi yako.
Ulipiga mstari juu ya kumi na saba.
Juu ya Vuai bin Shaame kalamu ilikauka.
Ukailamba.
Ukapiga mstari.

Msafara uliingia Mgunda Mkali alfajiri.
Nilikusikia kwa mbali: kumi na tano, kumi na sita.
Kumi na nane.

Mwaka wa tisa huu. Nala ugali wa uwele na mlenda,
nasema Kigogo cha kuchekesha watoto;
wananiita Rubani, wakidhani ni ukoo.
Ubao ni kizingiti cha juu cha tembe langu.
Niliuweka chini makusudi:
kila aingiaye huinama, hata mtemi.

Wapagazi warudio na pembe huleta habari.
Merikebu inaelea, wanasema. Ina mbio.
Ila yavuja upande wa demani, mahali pale pale,
palipopachikwa mti wa huko.
Mafundi wanataka kupatia kalafati.
Serahangi hataki.
Kila alfajiri hushuka ngamani mwenyewe, na kata,
huteka, humwaga, huteka,
na ukimuuliza hukufokea:
chombo lazima kiwe na pa kunywea.

Niliwapa uji. Nikauliza bei ya pembe.

Tembe langu halivuji. Mvua ya huku ni mgeni wa siku mbili.
Wageni wakishalala nasimama mlangoni,
nanyoosha shingo,
naulamba ubao.
Chumvi bado ipo. Sijui ni ya pwani,
sijui ni ya Chunyo, sijui ni ya mgongo wako,
au ni vumbi tu; vumbi la Ugogo lote lina chumvi.

Ziwa, wanasema, halina hata chembe.
Wavumiliaje?