Ncha ya Pili ya Tepu

Businge Araali amenishikia ncha ya pili ya tepu
kama alivyonishikia mwaka ule,
matofali yakiwa bado na joto la tanuri
na Hoima nzima ikinuka saruji.
"Vuta, mthamini." Navuta.
Mita nne kwa tatu na nusu.
Ukuta haujapungua hata inchi.

Vyumba kumi na viwili, mlango kwa mlango,
bati jekundu, choo cha kuvuta maji,
barabara ya kwenda Kigorobya.
Aliwajengea watu asiowajua:
mafundi wa mabomba, madereva wa malori marefu,
Wachina, Wafaransa, wapishi wao,
maana mafuta yalikuwa yanakuja.
Yalikuwa yanakuja mwezi wa sita,
yakawa yanakuja baada ya uchaguzi,
yakawa yanakuja.
Wageni walipofika, walilala kambini nyuma ya seng'enge.
Riba ndiyo haikuchelewa. Kila tarehe tano ilifika,
hata barabara zikijaa matope.

Jana benki walilaumiana mbele yangu.
Meneja, Bi Kabahuma, alifungua faili:
"Hii sahihi yako. Hili dole gumba la mkeo.
Nani alikushika mkono?
Ulikuwa na ng'ombe thelathini na akili timamu."

Businge akavua kofia.
"Mlinifuata na kalamu hadi kwenye matanga ya baba.
Kijana wenu alikunywa chai ya msiba,
akaniambia ardhi iliyolala ni maiti ya pili."

"Kijana yule tulimfukuza."

"Baada ya kumpa kombe."

"Hukusoma mkataba."

"Kurasa arobaini, kwa Kiingereza,
na mlisema dereva anangoja."

Mimi nilihesabu vigae vya sakafu.
Kila aliyesema mwisho, ndiye niliyemwamini.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Mshenga hawakumtaja.

Mshenga ni mimi.
Ile milioni mia nne na ishirini
ilitoka kwenye kalamu hii, jioni moja hotelini,
sahani ya mbuzi ikipoa:
benki ikitaka namba itakayobeba mkopo,
Businge akitaka namba itakayobeba ndoto,
nami nikitaka ada yangu kabla shule hazijafunguliwa.
Hakuna aliyenitisha. Nilipiga muhuri,
wino ukakauka kabla ya lipu.

Chumba cha saba kimejaa kuku.
Cha tisa kina mpangaji, Kusiima, fundi cherehani,
hulipa anapoweza.
Anataka kujua jambo moja:
dalali akija, atachukua na kitasa
alichokinunua yeye mwenyewe?

Kabasinguzi hakutoka kunisalimu.
Ameandika ukutani kwa chokaa, herufi za kupanda na kushuka:
NYUMBA HII HAIUZWI.
Kweli haiuzwi. Mnada umeitishwa mara mbili;
watu wakaja, wakagonga kuta kwa vidole,
wakanunua mandazi, wakaondoka.
Kila mmoja wao ana vyumba vyake vitupu nyumbani,
na barua yake ya benki chini ya godoro.

Naandika milioni mia moja na arobaini.
Kuta zilezile, tepu ileile,
na ada yangu, nisisahau, ileile.

"Umeandika ngapi?"

Najifanya nasoma mita.
Ningeweza kumwambia kosa ni la benki,
angefurahi mpaka jioni.
Ningeweza kumwambia Bi Kabahuma kosa ni la Businge,
angenipa kazi nyingine kesho, zimejaa.

"Ngapi, Amooti?"

Namwambia.

Hasemi kitu. Vidole vyake tu vinaachia,
na tepu inarudi mbio sakafuni, inalia,
inanichana dole gumba.

"Pole," anasema Businge,
na kwenda kuomba kitambaa kwa mkewe.