Unyoya wa Tatu Kutoka Kushoto

Alikuja na kamba mguuni, kama methali inavyotaka,
ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa kwa msumari,
siku mbili kwenye basi kutoka Shinyanga.
Akashuka Isyonje katika ukungu, akanyoosha shingo,
akayatazama mashamba ya viazi
kama mdai aliyekuta mlango umefungwa.
Kuchi. Baba wa wote.

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Sasa ni wa saba.
Daftari langu linanuka mafuta ya taa
na ndani yake hakuna haya:
huyu kamzaa yule, yule kapandwa na kaka yake,
temba wa Machi ni shangazi wa mama yake mwenyewe.
Mchungaji Mwakalobo alilifungua siku moja akidhani ni la kwaya,
akalifunga polepole.

Sifa zao nazijua kama chumvi ya jikoni kwangu:
undu mdogo, umelala kama punje tatu za njegere,
mdomo mfupi uliopinda, jicho la lulu,
miguu ya manjano, mirefu, mikavu, mkia chini.
Na rangi moja. Nyekundu ya tofali lililoiva,
nyekundu mpaka ncha.
Wasiofika huenda sufuriani. Jumapili tunakula kasoro:
vidole vilivyopinda, undu uliosimama,
na mmoja, mtamu kuliko wote,
ambaye kosa lake lilikuwa jicho jeusi tu.

Anayeatamia kizazi chote ni Gundu,
kishingo asiye na ukoo, shingo tupu kama goti,
niliyempata kwa nusu debe la viazi.
Koo za kuchi huyakanyaga mayai, huondoka,
huyakumbuka yakiwa viza.
Gundu hukaa siku ishirini na moja
katika Juni ile ya kuvunja vidole.
Daftarini hayumo.

Tusekile, binti yangu wa darasa la tano,
alishika tochi nikipima miguu.
"Mama, na sisi sifa zetu ni zipi?"
Nikahesabu moyoni: mama Mndali, baba Msafwa,
bibi aliyevuka Songwe usiku na mtoto asiyetajiwa baba,
na pua ya mtoto huyo ndiyo hii niliyonayo.
Nikamwambia, shika tochi vizuri.

Tarehe mbili Agosti niliuona.
Mkiani, wa tatu kutoka kushoto, umejificha chini ya wenzake.
Mweupe. Si kijivu, si maziwa.
Mweupe kama karatasi ya mtihani.
Jimbi langu bora. Miaka saba.
Nikamfunika kanga kichwani,
nikavuta.

Uyole, Nanenane: vumbi, matrekta, spika zinazogombana,
na jaji Luvanda, kijana mwembamba wa Makambako
mwenye rula ya chuma.
Akapima goti. Akapima mdomo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika,
na shemeji zangu wakaanza makofi kabla ya wakati.
Kisha akainama, akaupuliza mkia
kama mtu apozaye uji wa mtoto.
Manyoya yakagawanyika.
Kitundu. Damu kavu, ndogo kuliko punje ya ulezi.
Hakunitazama. Aliandika neno moja:
*Umeguswa.*

Niliporudi nilimwaga maji ya kuku, nikaweka mengine,
ingawa yale yalikuwa safi.

Septemba ukarudi. Palepale, wa tatu kutoka kushoto,
mrefu kuliko ule wa kwanza,
na jimbi anautembeza kwenye matuta
kama mtu aliyelipwa deni lake.

Jana Gundu ametotoa. Tisa kati ya kumi na moja.
Tusekile aliwaingiza ndani kwa kikapu, karibu na jiko la mkaa,
nami nikafungua daftari, safu ya kasoro.
Mmoja ana kidoa ncha ya bawa.
Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa.

Akaichukua mkononi mwangu, akahamia safu ya pili,
pale palipoandikwa *Mama*,
na kwa herufi zake za darasani, ulimi nje,
akaandika mara tisa: Gundu.

Ni kalamu ya wino.