Upinde wa Dubu

Baba hajawahi kumwona dubu.
Ngaramtoni hakuna, Mbulu alikozaliwa hakuna,
hata kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo
yupo simba, yupo twiga yuleyule wa kila mwaka.
Lakini mgeni alikuja na pesa taslimu,
akasema anataka upinde wa mti mtupu,
usio na magurudumu wala darubini,
wa kumwendea dubu kwa miguu, huko kwao, kwenye misonobari.

Mimi ndiye mkalimani. Niliketi juu ya gunia la maranda,
katikati ya lugha mbili kama ulimbo.

Mzee Margwe hakuanza na bei.
"Ngozi yake ina unene gani?"
Mgeni akaonyesha kidole.
"Na mafuta chini ya ngozi?"
Akaongeza vidole, vikawa vinne.
"Akikusikia, anakimbia au anakuja?"
Inategemea, nikatafsiri.
Baba akacheka kwa pua. Jibu hilo analijua,
ni jibu la nyati.

Mkole uliokaa misimu miwili darini, juu ya moshi wa jiko,
ukashushwa. Akaukwangua kwa kigae cha chupa,
akaupasha moto, akaukunja gotini,
akasikiliza.
Mti ukilia, anauacha upumzike,
anakwenda kunywa chai.
Kano za mgongo wa ng'ombe zilitoka kwa Lesikari wa machinjioni;
alizitafuna taarifa ya habari ikisomwa,
akazisokota pajani mpaka ugwe,
ukiugusa kwa ukucha, ukaitika.
Chembe ni misumari ya inchi sita
iliyofuliwa bila moto juu ya kipande cha reli.
Manyoya ni ya kanga, matatu kwa kila mshale,
yote ya bawa la upande mmoja,
maana mabawa mawili hugombana hewani.

Mgeni akauliza habari za sumu.
Baba akafunga kopo ambalo halikuwa wazi.
"Mwambie sumu ni ya mwenye njaa. Yeye ana njaa?"
Nikatafsiri. Mgeni akatazama viatu vyake.

Halafu akaeleza asiloulizwa:
kwamba dubu husimama kwa miguu miwili kunusa upepo,
na ukishamchuna, akilala pale bila ngozi,
anafanana na mtu.

Tupa ikanyamaza.
Nje mashine ya kusaga ikakohoa, ikashika tena.

Baba ana nguruwe mwitu wake,
wa miaka mingi kabla yangu,
aliyemfyatulia jioni, mbali mno, kwa papara.
Alifuata damu siku mbili:
damu ikawa tone, tone likawa kutu juu ya jiwe,
kisha mawe matupu.
Hasimulii. Nilisikia kwa mama.

"Ana watoto?" akauliza.

Kiswahili hakikuniambia ni nani.
*Ana* ya dubu, *ana* ya mgeni:
neno moja linavaliwa na wote
kama koti la mvua la nyumba nzima.
Lugha ya mgeni ilinitaka nichague, upesi.
Nikachagua.
Akatoa simu, akaonyesha mabinti wawili,
mdogo hana meno ya mbele.
Baba akaishika kwa ncha za vidole, muda mrefu,
kama mtu aliyeonyeshwa nyayo azisome.

Akampa upinde. Akampa mishale miwili, si sita.
Pesa ya ile minne akaihesabu, akairudisha.
"Hatua kumi na tano. Zikiwa kumi na sita, arudi nyumbani."
Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Usiku, tukifagia maranda, nikamwuliza:
Baba, ulikuwa unamuuliza nani?

Akaokota unyoya wa kanga sakafuni,
akausogeza kwenye taa aone ni wa bawa lipi,
akautia kwenye kopo la kushoto.