Mstari wa Nne

Fomu ilitangulia, wewe ukafuata.
Andanje, B. Miaka thelathini na sita. Mbavu, upande wa kushoto.
Nikaisoma mara tatu kama mtu anayekagua risiti,
nikarekebisha miwani, nikarekebisha mashine
isiyokuwa na kasoro yoyote.

Ukaingia umejishika ubavu, unacheka nusunusu
maana kicheko kizima kilikuuma.
"Mechi ya wakongwe, Mamboleo. Kijana mmoja
amenikalia kama gunia la omena."
Kisha ukaniangalia. Ukanyamaza.
"Desimali? Ni wewe?"

Hakuna aliyeniita hivyo tangu Maseno,
tangu siku zile nakufundisha takwimu maktabani
nawe unanuka nyasi mbichi na dawa ya misuli,
ukihesabu kwa vidole vilivyofungwa plasta,
ukikosea makusudi, nilivyokuja kushuku baadaye,
ili tuanze upya.

Mimi wa kona ya dirisha. Mimi wa sweta mwezi wa pili.
Jina lako lilipigiwa kelele na jukwaa zima;
mimi nililitamka chini ya blanketi, bila sauti,
nikiuogopa hata mto.

Kilichonishinda kusema nilikipimia mizani,
maana hesabu hainigeuki. Nikakikunja,
nikakisukuma ndani ya kiatu chako cha njumu:

    Ukipita uwanjani, nahesabu nyayo zako,
    Najibanza dirishani, nikinywe kivuli chako,
    Hesabu ziko kichwani, jibu li kinywani mwako,

Mstari wa nne sikuuandika.
Kulipokucha nilikuwa kwetu Ugunja, nikisingizia malaria.
Nilirudi siku ya mtihani tu,
nikakaa nyuma, nikatoka wa kwanza.

Basi, baada ya miaka kumi na minne, nakuambia:
"Vua shati. Kifua hapa. Kidevu juu."
Mikono yangu baridi ikakunyoosha mabega.
Ndiyo kazi yangu, nakushika kama ninavyomshika kila mtu.
Uongo.
Nje, taa nyekundu ikawaka: mtu asiingie.
Katika Kisumu yote, na macho yake, na midomo yake,
sijui taa nyingine iliyowahi kutulinda.

Nikaenda nyuma ya kioo. "Vuta pumzi. Ishikilie."
Ukaishikilia. Nami pia.
Neno linalofuata likanipotea, mimi
ninayelisema mara sitini kwa siku,
hadi ukageuza shingo, uso umekuiva:
"Desimali, niruhusu nipumue."

Pumua.

Ubavu wa saba una ufa, mwembamba kama unywele.
Nyuma yake moyo: ukungu mweupe, hausomeki.
Ukainamia picha, bega lako likagusa langu
na halikuondoka.
"Ile karatasi," ukasema, "ililoa ikayeyuka,
mvua ya mawe, siku tuliyocheza Kakamega.
Lakini nilikuwa nimeshaishika."
Ukaghani mistari yote mitatu, kwa sauti ya chini,
wewe uliyeshindwa kukumbuka fomula ya wastani.
"Ulijuaje ni mimi?"
"Nani mwingine angependa kwa rula?"

Ukachomoa kalamu mfukoni mwangu,
ukageuza bahasha ya kahawia, ukaandika
polepole, ukikunja uso kila herufi:

    Nilikuwa nazunguka nikuone.

Mizani kumi na mbili. Nne zimepungua.
Kina cha kati hakuna, cha mwisho hakuna.
Foleni nje imefika dirisha la dawa, mtoto analia,
muuguzi anagonga mlango kuuliza kama umeme umepotea,
nami nimesimama nimeishika bahasha kama sahani ya uji wa moto,
mstari mbovu kuliko yote niliyowahi kuisoma,
na sitaki iguswe hata nukta.

"Natoka saa kumi," nikasema.
"Najua. Nilimuuliza askari wa geti."
"Kumbe ulijua niko hapa."
"Tangu Jumanne."
"Na ubavu?"
Ukavaa shati, kifungo kwa kifungo, ukinitazama.
"Ubavu ni wa kweli."