Beseni la Mnara wa Pili

Wanaopita barabara ya Arusha huuona mvuke wetu
wakasema: moshi.
Mji wenyewe una jina hilo, tutawabishia nini?

Mita ndiyo iliyotangulia kusema.
Usiku, feni zimesimama, valvu zimefungwa,
mshale wake bado ulitambaa
kama konokono juu ya jani la mgomba.
Meneja akasema ni mvuke.
Fundi Aikande hakubishana. Alizunguka nyuma na tochi,
akapapasa ukuta, akaturudia na kiganja kilicholowa.
"Mvuke haushuki," alisema.

Jumamosi tukapewa saa thelathini na sita.
Maji yakakoroma, yakaisha,
yakaacha tope la kijani, ndala moja ya kushoto,
na chura aliyetutazama kama mwenye nyumba.
Ndipo beseni likaonyesha uso:
nyufa nyembamba, chumvi nyeupe imechuruzika kila zilipopita,
na kona ya mashariki zege limebanduka,
nondo zimevimba kwa kutu, zimelisukuma
kama jino jipya linavyolisukuma la utoto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa.
Lakini aliyesema hivyo hakusema
kwamba ufa huzibwa kwa kufunguliwa kwanza.
Patasi ikalia. Tukauchimba ufa ukawa mfereji,
tukasugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa,
tukapuliza vumbi, tukasubiri pakauke.

Kusubiri ndiko kulikonishinda.
Wingu lilishuka toka mlimani,
tukatandaza turubai, tukala makande ya baridi chini yake,
Kiwia akiapa kwamba pamekauka, pamekauka kabisa.
Aikande akabandika kipande cha nailoni sakafuni,
akakizungushia utepe pande zote, akalala.
Alfajiri nailoni ilikuwa na jasho kwa ndani.
"Bado," alisema.
Basi, bado.

Kisha mikono ikakimbia: gundi kwa sindano ndani ya nyufa,
saruji ngumu kwenye kona,
tabaka la kwanza la kijivu, la pili jeupe,
ili jicho lione brashi iliporuka.
Tukajaza. Akachora mstari kwa penseli ya seremala
pale maji yalipofika, akakalia ndoo.
Kutwa nzima maji hayakuuacha mstari.

Nyuma ya ukuta, upande wa Njoro,
Bibi Ndelilio ana matuta manne ya mchicha.
Kiangazi chote ulikuwa wa kijani kuliko wa mtu yeyote,
na hatukumwona na ndoo.
Juzi alinisimamisha getini:
"Maji yangu mmeyapeleka wapi?"

Mimi ndiye ninayemimina dawa ya kutu kwenye beseni lile
kila Jumatatu, glavu hadi kiwikoni.
Na mimi ndiye niliyekuwa nanunua kwake,
fungu la mia tano, nikawapelekea watoto.

Nikasema: "Shikamoo, bibi."
Nikasema bomba lilikuwa bovu.
Sikusema zaidi, na hilo nalo ni ufa,
nami bado sijashika patasi.

Usiku nilipita kwenye mita.
Mshale umesimama tuli.
Nikakaa nao hadi zamu ikaisha,
kama mtu aliyepokewa salamu
akakosa la kuongeza.