Mlinzi

Vichekesho vya kwanza niliviandika Kitangari,
nyuma ya daftari la ghala, palipobaki nafasi
kati ya kilo za Lipumbu na madeni ya Nankoma.
Somoe akashika kamera ya kukodi,
maiki tukaifunga kwenye mpini wa ufagio,
na waigizaji nikawaapia:
korosho zikilipwa, nanyi mtalipwa.
Mwaka ule korosho zilichelewa.
Uprodyuza niliusomea chooni, nimejificha.

Kisha wakanipigia kutoka Dar es Salaam.
Walipenda kila kitu, isipokuwa watu.
"Huyu Mmakonde mpe rungu," wakasema,
"awe mlinzi. Akiulizwa, asielewe."
Nikampa rungu. Nikampa kofia ya kumziba macho.
Nikamwandikia vipindi sitini na vinne
vya kutokuelewa,
na kila alipokosa kuelewa
nyumba ya mama iliongezeka bati.

Mama alimtazama kwa jirani, bila kucheka.
Aliniuliza mara moja tu, anachambua mchicha:
"Huyo mlinzi, kwao hana mama?"

Jumanne tumemzika.
Tulipofika na jeneza, shimoni mna mtu:
Namalowe, fundi baiskeli, mtani wetu wa Kimakua,
kofia imemfika puani, mchi wa kinu begani.
"Simama! Huyu anakwenda kwa nani?"
Tukasema, kwa Mola wake.
"Ana miadi?"
Wajomba wakaanza kukohoa kicheko.
"Jina?"
Nikalitaja.
"Rudia. Sisi walinzi hatuelewi."
Fatu binti Chinduli, nikasema, wa Mnyambe,
aliyepandisha maji kutoka bondeni kwa kichwa
miaka thelathini.
"Rudia."
Mara ya tatu sauti ikanikatikia katikati ya Chinduli,
makaburini kote pakalipuka,
na mimi nikacheka, nikacheka
mpaka chumvi ikaniingia mdomoni.

Nikatoa elfu mbili. Akaimulika juani,
akainusa, akasema ni ya Kimakonde, lakini basi.
Halafu akapanda juu, udongo magotini,
akavua kofia.
"Pita, mama."

Vipindi sitini na vinne.
Sikuwahi kumvua kofia.

Jana wamepiga tena: msimu mpya,
mlinzi yuleyule, safari hii na mbwa.
Simu nimemwachia Somoe.
Namsikia uani, anaosha sufuria za matanga,
anawauliza
kama wana miadi.