Karani wa Zaka

Mimi ndiye niliyemkata.
Jina lake, nasema. Mbodze Thoya wa Maweni,
kadi nambari mia nne na kumi na saba.
Mstari mmoja wa wino mwekundu,
rula juu yake ili usipinde.

Miezi kumi na minne hakuleta ahadi ya jengo.
Tulikuwa tunapandisha mnara,
na mawe ya mnara yalitoka machimboni kwao,
na kokoto za zege, debe kwa debe,
alizigonga yeye, kaketi chini ya gunia
lililotandazwa juu ya fito nne.
Tulimlipa kwa debe, tukamdai kwa mwezi.
Hesabu ile ilikaa sawa daftarini.

Barua niliipeleka kwa mkono wangu.
Hakujua kusoma; nikamsomea.
Vumbi jeupe limemganda kwenye kope
kama mtu aliyetoka kinu cha unga.
Alisikiliza mpaka "Wako katika Bwana",
akafuta nyundo kwa pindo la leso,
akauliza, "Mwanangu, umekula?"

Nikala. Sima na mchunga, mchungu kweli kweli.
Aliomba macho wazi,
kama anayesema na jirani juu ya ua:
"Baba, huyu kijana ametembea juani.
Na lile deni unalijua. Haya."
Akamega.

Kwenye safu ya mahudhurio
niliandika: Hayupo.
Jumapili iliyofuata: Hayupo.
Hayupo, hayupo, mpaka chini ya ukurasa.
Saa ile sisi tukipanga bahasha
yeye alikuwa akimgeuza ubavu Bi Zuwena,
mkongwe asiye na mwana, si wa dini yetu,
akimwosha vidonda vya mgongo
kwa maji ya vuguvugu na chumvi.
Hilo halikuwa na safu.

Sisemi mnara ni dhambi.
Mvua ilitunyea miaka sita chini ya turubai,
nami nililia siku tuliyomwaga zege.
Nasema tu nilivyoona.

Mwezi wa Mei, homa, siku tatu.
Kitsao ndugu yake akaja ofisini, kofia mkononi,
anaomba mchungaji. Kamati ikakaa dakika ishirini.
Kifungu cha tisa kikasomwa.
Mwenyekiti akasema, na mimi nikaandika,
"Marehemu hakuwa mshiriki hai."
Hakuna aliyecheka.
Nilirudia kuisoma ile sentensi.
Nikaitia nukta.

Nilikwenda mazikoni bila tai.
Wakata mawe walikuwa wamechimba, pembe zimenyooka,
kazi ya watu wanaojua mwamba.
Kisha kimya. Nani aanze?
Walinitazama mimi, mwenye Biblia kubwa.
Ulimi ukawa kitambaa kikavu.

Bi Zuwena waliletewa kwa mkokoteni,
mto mgongoni, mtandio umemfunika nusu uso.
Alisema, "Nyimbo zenu sizijui.
Usiku nikiugua nilikuwa nikigonga ukuta.
Naye husema, Lala, nipo."
Akanyamaza. Akasema tena,
"Lala, nipo."
Basi. Udongo ukaanza kushuka.

Sijaacha kazi. Nina watoto, na karo ni karo.
Mnara umekwisha, kengele imetoka Mombasa,
ikilia inasikika hadi Barani,
na mimi peke yangu, nadhani, nikiisikia
nasikia na nyundo ndogo ndani ya zege,
taratibu, haina haraka, ka, ka, ka.

Jumapili naita majina.
Nikifika mia nne na kumi na sita
nanyamaza kidogo.
Watu hudhani nageuza ukurasa.